Nukta pweke na kizingiti cha bahati

Nafundisha hisabati kidato cha tano, na ningepewa nafasi ya kuongeza mada moja kwenye silabasi, ningeongeza hii. Chukua nukta 1,000. Kwa kila jozi piga kura: kwa uwezekano wa 2 kwa 1,000 chora mstari, la sivyo acha. Je, utaweza kutoka nukta yoyote kwenda nyingine yoyote kwa kufuata mistari?

Hapa wastani hudanganya. Ili nukta zote ziungane lazima upatikane mti, yaani mistari 999 inayozifikia zote bila kufanya duara. Kokotoa wastani wa idadi ya miti hiyo: unapata namba yenye tarakimu 298! Lakini chora kweli, na nukta kama 135 zitabaki pweke, hazina mstari hata mmoja. Wastani umevimbishwa na michoro adimu mno, kila mmoja umesheheni miti.

Paul Erdős na Alfréd Rényi wa Hungaria walionyesha mwaka 1959 hali inapogeukia: karibu na 7 kwa 1,000. Kwenye 5 bado nukta sita au saba hivi ni pweke. Kwenye 10, karibu kila mara hakuna. Hapo katikati, karibu na 7, ndipo kizingiti.

Familia ya seti huitwa inayoongezeka ikiwa seti iliyokwisha kuingia haitoki hata ukiiongezea vitu. Michoro iliyoungana, kila mmoja ukiwa seti ya mistari, ni hivyo: mstari mpya hautenganishi chochote. Béla Bollobás na Andrew Thomason walithibitisha mwaka 1987 kwamba kila familia ya aina hii ina kizingiti. Kukijua kiko wapi ndiyo shughuli. Mwaka 2006 Jeff Kahn na Gil Kalai walibashiri jambo zito, ambalo hata wao walilitilia shaka: ukitumia wastani kwa uangalifu, ukikagua na vipande vya ndani, kosa lako halizidi kiasi cha logi. Jinyoung Park, aliyewahi kuwa mwalimu wa sekondari Korea Kusini, na Huy Tuan Pham walilithibitisha mwaka 2022 wakiwa Stanford, kwa kurasa sita tu. Kama mwalimu, nalifurahia sana.

Kwa nukta zetu, wastani huelekeza kwenye 1 kwa 1,000 hivi. Kuanzia hapo hadi 7, muda wote tunazingoja nukta pweke za mwisho, na logi asilia ya 1,000 ni 6.9.