Gitaa la besi la zamani: likagueni kabla ya kuchanga pesa za jipya

Je, kwaya au bendi yenu ina gitaa la besi la zamani ambalo hakuna anayetaka kulipiga? Nyuzi ziko juu, vidole vinauma, sauti inakwaruza, na hata likipangwa vizuri bado halipatani na kinanda. Kabla ya kupitisha daftari la michango, likagueni. Gitaa la bei nafuu lililopita mikono mingi mara nyingi halijafa, bali limelegea tu. Sehemu kubwa ya kazi inahitaji bisibisi, ufunguo wa aleni na uvumilivu.

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua hubadilisha inayofuata. Ukianza na daraja kabla ya shingo, utarudia kazi.

1. Amua kama linafaa kutengenezwa

Shika gitaa na uangalie shingo kwa urefu, kama seremala anavyokagua ubao. Shingo iliyopinda kidogo hurekebishika. Iliyojisokota, au yenye ufa pale kichwa kinapoanzia, itawagharimu sana. Hapo ni afadhali kutafuta jingine.

Kisha lichomeke kwenye amplifaya, sauti ikiwa chini, na uguse pikapu polepole kwa ncha ya bisibisi. (Pikapu ni kile kidude chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi.) Ukisikia mgongano kwenye spika, pikapu ni nzima.

2. Nyuzi ndizo pesa ya kwanza

Nyuzi za besi huuzwa kwa urefu tofauti, na kutoka Nakivale hadi Mbarara au Kampala ni nauli. Pima kwanza. Anzia kwenye kizingiti, yaani kipande chenye mikato minne karibu na kichwa, hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa 2. Ukipata kama sentimita 86, besi yako ni ya urefu kamili. Ukipata kama 76, ni fupi, na besi nyingi za zamani za bei nafuu ni za aina hii. Mwambie muuzaji namba hiyo. Omba seti nyepesi, inayoanzia 40 badala ya 45. Haiumizi sana vidole na haivuti sana shingo.

Kama pesa haijapatikana, toa nyuzi za zamani, zichemshe kwenye maji kwa dakika 10 katika sufuria isiyopikiwa chakula, kisha zikaushe kabisa. Sauti itang'aa tena kwa muda. Usifunge waya wa breki ya baiskeli. Utakula freti, na kuzitengeneza ni ghali kuliko nyuzi.

3. Shingo

Panga nyuzi kwanza: E, A, D, G, kuanzia nene. Zipo programu za bure za simu za kupanga gitaa, na nyingi hufanya kazi bila intaneti zikishapakuliwa.

Bonyeza uzi nene kwenye freti ya 1 na freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa iwe karibu nusu ya unene wa kadi ya benki. Nafasi ikiwa kubwa, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa kuzungusha nati yake kama mshale wa saa. Isipokuwepo nafasi kabisa, legeza.

Zungusha robo tu. Panga nyuzi upya, subiri hadi kesho, upime tena. Nati ikigoma, acha. Fimbo ikikatika, shingo imekwisha.

4. Urefu wa nyuzi na usahihi wa sauti

Panga kadi tatu za benki pamoja. Unene wake ni kama milimita 2.3. Zipitishe chini ya nyuzi kwenye freti ya 12. Zikipita na nafasi kubwa ikabaki, shusha vikalio vya nyuzi kwenye daraja. Uzi ukianza kuzizima kwenye freti, upandishe kidogo.

Vikalio vikifika chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, legeza nyuzi, fungua skrubu za shingo, weka ukanda mwembamba wa kadi ngumu ndani ya tundu la shingo, upande wa daraja, kisha funga tena. Shingo italala nyuma kidogo na nyuzi zitashuka.

Sasa gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 na uupige, halafu bonyeza freti hiyohiyo na upige tena. Sauti mbili zinapaswa kulingana. Ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hapa ndipo besi inapoanza kupatana na kinanda.

5. Umeme

Kitufe cha sauti kinachokwaruza husafishwa kwa dawa ya kupuliza ambayo mafundi redio huitumia. Usitumie mafuta ya kupikia. Tundu la waya likilegea, fundi redio au fundi simu anaweza kulilehemu. Mngurumo ukipungua unapogusa tundu la waya lakini usipungue unapogusa nyuzi, huenda waya mdogo unaounganisha daraja umekatika.

Onyo: ukihisi shoti unapogusa nyuzi na maikrofoni pamoja, zima umeme mara moja. Tatizo hilo kwa kawaida liko kwenye amplifaya, jenereta au waya za jengo. Shoti inaweza kuua. Mwiteni fundi umeme kabla ya ibada au onyesho lijalo.

Pesa za kikundi

Mkimpa fundi kazi, kubalianeni bei kwa maandishi, ombeni vipuri vya zamani virudishwe, na mpiga besi wenu alijaribu mbele yake kabla ya kulipa. Watu wawili kwenye kikundi wajifunze hatua hizi, ili mmoja akihama maarifa yabaki.

Msihifadhi gitaa karibu na bati au chini ya turubai lenye joto. Mbao hubadilika masika na kiangazi, kwa hiyo pimeni shingo tena kila majira yakibadilika. Mkishalitengeneza, fikirieni kulishirikisha: besi inayopigwa na kwaya Jumapili inaweza kufundishia vijana wa makazini na wa vijiji jirani siku nyingine.