Saa Zinapokatwa Marikiti

Sogeeni, wanangu, leo tupige hesabu ya pembea.

Sikukuu ya Idd mnaijua: kanzu mpya, mkono wa Idd mfukoni, na safari ya Makadara hapa Mombasa, si mbali na soko la Marikiti. Tuseme mwenye pembea anatoza kiingilio shilingi 200, upande utakavyo tangu saa nane mchana hadi saa nne usiku. Jumla ni saa nane. Kila moja umeipata kwa shilingi 25. Mwaka wa pili anafunga saa kumi na mbili jioni, na kiingilio ni kile kile. Saa moja sasa imefika shilingi 50, wala hakuna aliyekutangazia kwamba bei imepanda.

Ngojeni, bado. Waliokuwa wakija usiku, baadhi yao sasa wanakuja mchana, na foleni inarefuka. Saa umepunguziwa nusu, lakini huenda ukapanda robo tu ya ulivyokuwa ukipanda. Wengine, kama baba anayetoka kazini magharibi, hawaji kabisa.

Haya si mambo ya kubuni tu. Septemba 2020, bustani ya michezo ya Magic Kingdom kule Florida, Marekani, ilianza kufunga saa kumi na mbili jioni badala ya saa moja. Sisi tulikuwa tumeshaonja makali zaidi. Hapa Kenya kafyu ya kuzuia korona ilianza tarehe 27 Machi mwaka huo: saa moja jioni kila mtu awe ndani, mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili ukielekea ukingoni, Ramadhani ikaingia.

Mwajua Ramadhani ya Mombasa. Mchana watu wametulia na saumu zao. Alasiri ndipo wanapotoka kutafuta vya futari, na baada ya tarawehe ndipo Barabara ya Biashara inapochangamka kwa leso na nguo za Idd. Ramadhani ile magharibi iliingia baada ya saa kumi na mbili na robo. Basi tangu tende ya kwanza hadi kafyu, hazikutimia dakika 45! Saa zilizokatwa ndizo zile zile zenye wanunuzi. Za asubuhi zilizobaki haziwezi kuzifidia. Tarehe 6 Mei serikali ikafunga Mji wa Kale, hakuna kuingia wala kutoka, na masoko ya humo yakafungwa. Hapo hata hesabu ya saa haikuwepo tena.

Katika soko lenye saa chache, wauzaji hawaumii sawa. Mwenye iliki na mdalasini hufunga gunia akangoja kesho. Mwenye nyanya hushusha bei jioni, wanunuzi wakamjua, wakawa wanamvizia dakika za mwisho. Kiti cha pembea ni ndugu wa nyanya: kikizunguka kitupu leo, kesho huwezi kukiuza mara mbili.

Kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku mwezi wa Juni 2020, na ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ilikuwa ya kuzuia maradhi, haikumuuliza mfanyabiashara ni saa zipi anazoweza kuzikosa. Lakini mwenye pembea anayekata saa kwa hiari yake ana nafasi ya kuchagua. Mimi ningefunga kwenye jua la utosi, nifungue alasiri, na taa niziache ziwake hadi saa nne.