Kidumisha Mwendo Kinapogoma: Namna ya Kuitambua Hitilafu ya Umeme

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Kauli hii inaafiki hali ya gari ambalo kidumisha mwendo chake kimegoma. Madereva wengi hulipuuza jambo hili kwa hoja kwamba injini inanguruma, breki zinashika na safari haijakatika. Hata hivyo, kifaa hiki hutegemea baadhi ya swichi na nyaya zilezile zinazowasha taa za breki na kuupima mwendo wa gari. Kwa hivyo, kugoma kwake huenda kukawa ishara ya hatari iliyo kubwa kuliko anasa iliyopotea. Makala haya yananuia kufafanua jinsi hitilafu ya umeme katika mfumo huu inavyotafutwa hatua kwa hatua, kwa kuanzia kwenye jambo jepesi kuelekea kwenye zito.

Ni vyema kwanza kutofautisha istilahi mbili. Kidhibiti mwendo, ambacho Wakenya walikizoea kutokana na kanuni za uchukuzi za mwaka wa 2004 zilizofahamika kama kanuni za Michuki, humzuia dereva wa matatu asipite kilomita 80 kwa saa. Kidumisha mwendo, ambacho mafundi hukiita kruzi, hushikilia mwendo aliouchagua dereva bila yeye kukanyaga pedali ya mafuta. Mbunifu wake, Mmarekani Ralph Teetor, alikuwa kipofu tangu utotoni. Alipata hataza mwaka wa 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza katika magari yake ya mwaka wa 1958.

Yeyote anayekichunguza kifaa hiki sharti aelewe kuwa kimeundwa ili kikatae upesi. Kabla ya kutii amri ya dereva, kompyuta huhakikisha kuwa breki haijakanyagwa, kwamba gia imeingia na kwamba gari limefikia mwendo fulani, aghalabu takriban kilomita 40 kwa saa. Ikikosa habari mojawapo, au habari mbili zikipingana, huacha kazi. Kukataa kwake, basi, si ithibati kwamba kimekufa. Huenda kikawa kinatii kanuni ya usalama iliyowekwa na waundaji wake.

Hatua ya kwanza ni kuitazama taa ya kruzi kwenye dashibodi. Ikiwa haiwaki kabisa, shaka huelekezwa kwenye fyuzi, swichi kuu au waya unaoleta umeme. Ikiwa inawaka lakini mwendo haushikiki, kompyuta ina umeme ila kuna habari inayoizuia. Ikiwa mwendo unashikika kisha unaachia gari linaporuka matuta, kuna uwezekano mkubwa kuwa kiungo fulani cha nyaya kimelegea. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena, kuna shoti, na kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kualika moto.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo muhimu zaidi, ni kuichunguza swichi ya breki iliyo juu ya pedali. Mtu mmoja akanyage breki huku mwingine akizitazama taa za nyuma. Taa zisipowaka, dereva anayefuata nyuma hana onyo lolote. Zikiwaka muda wote, onyo limepoteza maana, na kompyuta nayo huamini kuwa breki imekanyagwa. Hata hivyo, taa kuwaka sawasawa hakutoshi kuiondolea swichi lawama. Katika magari mengi swichi hii ina jozi mbili za viunganishi: moja hujifunga pedali inapokanyagwa ili kuwasha taa, na nyingine hufunguka ili kuikatisha kruzi. Ya kwanza yaweza kuwa nzima ilhali ya pili imeharibika, kwa hivyo zote mbili hupimwa kwa multimita pedali ikiwa juu na ikiwa chini. Fauka ya hayo, katika baadhi ya magari ya zamani, kompyuta hufikia upande wa hasi kupitia nyuzi za balbu za breki. Balbu hizo zikiungua zote, au zikibadilishwa kwa za LED, kruzi hugoma ingawa swichi na fyuzi hazina kasoro.

Hatua ya tatu ni usukani. Vitufe vya kruzi huunganishwa na gari kwa utepe wa waya uliozungushwa mfano wa kamba ya saa, ili usukani uweze kugeuka bila kuukata. Aghalabu utepe huohuo hubeba umeme wa honi na wa mfuko wa hewa. Kwa hivyo, kruzi ikigoma pamoja na honi, au taa ya mfuko wa hewa ikiwaka, utepe huo hushukiwa. Hapa tahadhari ni lazima: waya wa hasi wa betri ufunguliwe na dakika kadhaa zipite kabla ya usukani kuguswa, kwani mfuko wa hewa ukilipuka waweza kumjeruhi fundi.

Mashine ya kusoma misimbo ya kompyuta hurahisisha kazi. Msimbo P0571 huashiria mzunguko wa swichi ya breki, na P0500 huashiria habari za mwendo. Lakini msimbo hutaja mzunguko mzima wala si kipuri kimoja. Anayenunua swichi mpya kwa kusoma msimbo pekee hupoteza fedha, kisha hugundua kuwa ni waya uliooza kwa kutu. Waya wa namna hiyo huweza kuonekana mzima unapopimwa bila mzigo. Kifaa kinapowashwa, multimita ikionyesha tofauti ya volti 1 kati ya ncha mbili za waya uleule, hapo ndipo umeme unapopotelea.

Mfano wa Marekani unadhihirisha uzito wa suala hili. Kati ya mwaka wa 1999 na 2009, kampuni ya Ford iliyarejesha magari zaidi ya milioni 10 kwa sababu ya swichi ya kuikatisha kruzi. Swichi hiyo iliunganishwa na mfumo wa mafuta ya breki, na katika magari mengi ilikuwa na umeme hata injini ikiwa imezimwa. Utando wake ulipochakaa, mafuta yalipenya hadi upande wa umeme, na baadhi ya magari yakashika moto yakiwa yameegeshwa. Sehemu ya marekebisho ilikuwa kuongeza waya mfupi wenye fyuzi.

Ni bayana, basi, kuwa kruzi iliyogoma si jambo la kufumbiwa macho hata na dereva asiyeitumia kamwe. Huenda asiihitaji katika msongamano wa mjini, ila taa za breki anazihitaji kila anaposimama. Dakika 5 za kuzitazama taa hizo na kuipima swichi zinaweza kumwepushia gharama ya vipuri asivyovihitaji, na zaidi ya yote, zikamwokoa yeye na wale wanaomfuata barabarani.