Wiki ya vizibo darasani: Niliyempa sifuri kumbe alijua hesabu

JUMATATU asubuhi niliingia darasa la kwanza nikiwa na mfuko wa vizibo vya soda. Watoto walicheka. Mmoja tu hakucheka.

Ni mvulana wa miaka saba, aliyerudi na mama yake kutoka Ujiji, Kigoma, mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Hapa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, watoto wa namna yake ni wengi. Kiswahili kinamtoka kama maji, Kirundi kinampiga chenga. Muhula mzima alikaa kimya dawati la nyuma, nami nikamwandikia sifuri juu ya sifuri katika hesabu. Nilikuwa nimekwisha kumwonya mama yake kwamba huenda mwanawe akarudia darasa.

Wiki hiyo niliamua watoto wajifunze kwa mikono yao. Vifaa havikunigharimu hata faranga moja. Vizibo tuliviokota nje ya maduka, mchanga tuliuchota ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, makopo yalitoka nyumbani kwao.

Darasa lina watoto zaidi ya 70, hivyo niliwagawa makundi ya saba saba. Kila mmoja akapata vizibo kumi. Nataja namba, mtoto anatenga vizibo, napita dawati kwa dawati.

Nilipofika kwa mvulana yule nikasema "gatanu". Akatenga vitano. "Kane." Vinne. "Gatandatu." Akatenga vitatu, akaniangalia bila wasiwasi.

Hapo nikang'amua. Kwa Kirundi gatatu ni tatu, gatandatu ni sita. Sikio lililolelewa kwa Kiswahili linasikia "tatu" mwishoni, linaishia hapo. Namba nyingi za lugha hizi mbili ni ndugu: gatatu na tatu, kane na nne, gatanu na tano, umunani na nane, cumi na kumi. Lakini sita, saba na tisa Kiswahili kilizipata kwa Waarabu, na hapo ndipo zinapoachana na gatandatu, indwi na icenda. Mtoto hakukosa hesabu. Alikosa maneno matatu, nami nilimfelisha kwa hayo matatu.

Niliona aibu, maana njia hiyo nimeipita. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa na kusoma Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa Kiswahili. Niliporudi mwaka 2008 na cheti changu mkononi, niliambiwa nianze Kifaransa kama mtoto mdogo. Nilikuwa na elimu, sikuwa na maneno ya kuisemea.

Nikachukua vizibo vitatu, nikaongeza vitatu. "Tatu na tatu?" Akajibu, "Sita." Jirani yake, binti asiyejua Kiswahili, akadakia, "Gatandatu!" Wakatazamana, kisha wote wawili wakaangalia vizibo. Kuanzia hapo niliwakalisha pamoja, mmoja amfundishe mwenzake.

Jumatatu hiyo hiyo tulilaza maharage kwenye kitambaa chenye maji ndani ya makopo, na kila asubuhi watoto walihesabu yaliyopasuka. Jumanne na Jumatano tuliandika herufi mchangani kwa kidole. Anayekosea anafuta kwa kiganja, anaanza upya.

Alhamisi tulifungua soko. Kizibo kimoja kikawa faranga 100, kokoto zikawa ndagala. Mvulana yule akawa muuzaji, akapanga mafungu mawili ya vizibo. Nikamwuliza ni ya nini.

"Hizi faranga, hizi shilingi, mwalimu. Mama hachanganyi."

Mteja akataka makopo matatu, kila kopo vizibo viwili, akatoa vizibo kumi. Akarudishiwa vinne papo hapo.

Ijumaa, vimizizi vya maharage vikiwa vimechomoza, walikuja wazazi. Baba mmoja alinijia juu: "Mwalimu, nimeleta mtoto asome, si acheze vizibo." Sikubishana naye. Nilimwomba anunue makopo matatu kwa binti yake mwenyewe. Alipopokea chenji alihesabu mara mbili, akanyamaza.

Mama wa mvulana alisimama mlangoni, kitenge kikiwa bado na vumbi la safari ya mpakani. Nikamwambia, "Mama, nilikosea. Sitapendekeza mwanao arudie darasa. Nitamsaidia Kirundi."

Akacheka. "Mwalimu, huyu ndiye anayenihesabia fedha kila jioni. Nilishangaa uliposema hajui."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mwalimu," akajibu.

Jibu hilo halijaniacha. Ndugu zangu mliorudi, nanyi mnaovuka mpaka kila wiki na watoto mgongoni, msitunyamazie. Siku ya kumwandikisha mtoto, mwambieni mwalimu anahesabu kwa lugha gani. Nasi walimu, kabla ya kuandika sifuri, tumpe mtoto vizibo kumi mkononi tuone atafanya nini.