Namna ya Kuisoma Picha ya Ragamala

Mwanamke amesimama mwituni, ameshika vina, ala ndefu ya nyuzi, na paa wamemzunguka wakimsikiliza. Huyo ni Todi, na Todi ni jina la muziki, jina la raga. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 19, wachoraji wa India walizipa raga miili ya watu na kuzichora kwenye karatasi ndogo. Mkusanyiko mzima waliuita ragamala, yaani koja la raga.

Wapenzi wa taarabu wanaojua maqamu hawatapata tabu. Raga nayo ni mpangilio wa sauti wenye njia zake za kupanda na kushuka, ambao mwanamuziki huutumia kutunga papo hapo. Ila raga ina pia saa na majira yake: Bhairava ni ya alfajiri, Megha ni ya mvua. Hapo ndipo mchoraji alipopata pa kushika.

Koja la kawaida lilikuwa na picha 36: raga 6 za kiume, kila moja na wake zake 5, ragini. Kwenye milima ya Himalaya waliongeza na watoto, picha zikazidi 80!

Husemwa kwamba wachoraji walisikiliza muziki kisha wakauchora. Mimi siamini. Walifuata beti fupi za kumsifia kila raga, ambazo mara nyingi zimeandikwa juu ya picha yenyewe. Mtazame ragini Asavari: mji huu yuko na nyoka, mji ule yuko na nyoka, karne hata karne. Masikio ya watu tofauti yasingeleta nyoka wale wale.

Basi ustadi ulionekana kwenye rangi. Mwaka 1605, ufalme wa Mewar ukiwa vitani na milki ya Wamughali, mchoraji Nasiruddin alichora koja lake huko Chawand, mji wa Mewar, kwa rangi nzito zisizochanganywa. Mwaka 1628 Sahibdin naye akachora lake. Wote wawili Waislamu, wakichora miungu ya Kihindu kwa ajili ya watawala wa Kihindu. Karakana za enzi ile hazikuona ajabu.

Ukizikuta picha hizi kwenye makumbusho, anza na mbingu na watu waliomo. Wingu jeusi na mungu Krishna anayecheza ni Megha. Mwanamume anayeondoka kukipambazuka, mpenzi wake angali amelala, ni Lalita. Mwanamke anayechora sura ya mpenzi aliye mbali ni Dhanashri. Kisha itafute raga yenyewe, uisikilize saa yake.