Tshombe, kontable aliyekuwa raisi

Wenzetu wa seksio komersiali wanaulizwa kila siku: "Masomo yale yatakufikisha wapi, kama si kwa duka ya mujomba?" Basi, wasome habari za Moïse Tshombe.

Alizaliwa mwaka wa 1919 kule Musumba, Katanga, katika ukoo wa wafalme wa Walunda. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri sana. Kijana alisoma kwa Wamisionari Wametodisti, Waprotestanti kama sisi, kisha akajifunza kontabilite. Aliporithi maduka ya baba, yalifilisika. (Kuandika hesabu ni kazi moja, kuuza chumvi ni kazi ingine!)

Miaka ya 1951 hadi 1953 alikaa katika baraza ya provensi. Mwaka wa 1959 akawa mkubwa wa chama CONAKAT, na tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu nyuma ya uhuru, akatangaza kwamba Katanga imejitenga.

Hapa njo pa kuangalia kwa macho ya kontable. Kodi ya shaba ya kampuni Union Minière ilikuwa sehemu kubwa ya mapato ya inchi nzima. Sasa ikabaki Élisabethville, leo Lubumbashi, na sanduku la Léopoldville likapungua sana. Feza ile ililipa pia askari wa kukodiwa, Wazungu wa Ulaya na Afrika ya Kusini. Sisi wa Masisi na Walikale tunaelewa upesi. M23 waliposhika Rubaya mwaka wa 2024, watu waliuliza: kodi ya koltani itapokelewa na nani? Kasiterite ya Bisie ilikwisha kuleta ulizo lile lile zamani.

Lakini kuna deni lisiloandikwa kwa franka. Patrice Lumumba alipelekwa Katanga tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku ule, mikononi mwa serikali ya Tshombe. Jambo lile halikumtoka tena.

Askari wa ONU walimaliza kujitenga kule Januari 1963, naye akakimbilia Espania. Halafu, ajabu! Julai 1964 raisi Kasa-Vubu akamwita awe waziri wa kwanza wa Kongo nzima, juu Wasimba walikuwa wanashika muji baada ya muji. Oktoba 1965 akafukuzwa. Mwaka wa 1967, wakati wa Mobutu, alihukumiwa kufa bila yeye kuwapo. Miezi michache nyuma yake ndege aliyopanda ilitekwa, ikatua Algeria. Alifia kule kifungoni tarehe 29 Juni 1969. Waganga waliandika kwamba ni moyo. Alizikwa Bruxelles.