Sheria ya Kunakili Filamu: Nani Aliyesikilizwa?



Katika vibanda vya video vya mitaa kama Kisenyi, filamu ya kigeni hueleweka kwa sababu mfasiri, tunayemwita VJ, huieleza kwa Kiganda. Kazi hiyo huwalisha wafasiri, wenye vibanda, wanaonakili na wauzaji wadogo. Lakini mwenye filamu asipotoa ruhusa, kazi hiyo ni kosa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, ilipotungwa iliruhusu faini ya hadi shilingi milioni 2, au kifungo cha hadi miaka 4, au vyote viwili.

Yafaa tuelewe sheria za namna hii husukumwa na nani. Mwaka 1984 vyama vya makampuni ya filamu, muziki na vitabu vya Marekani viliunda umoja wao, IIPA. Umoja huo huiambia serikali yao ni nchi zipi hazilindi mali zao. Tangu sheria ya biashara ya 1988, serikali hiyo hutoa orodha kila mwaka, na nchi iliyotajwa yaweza kuwekewa vikwazo. Makampuni hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyosukuma ulinzi huo uingizwe katika mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Uganda ilijiunga nalo Januari 1995.

Nchi maskini zilipewa muda wa kujitayarisha. Muda huo ungekwisha Januari 2006, ukasogezwa hadi 2013, kisha 2021, na sasa ni Julai 2034. Hata hivyo Bunge letu lilitunga sheria yake mwaka ule ule wa 2006. Marekani yenyewe haikuwa na haraka hiyo. Tangu 1790 hadi 1891 sheria yake haikulinda vitabu vya wageni, na wachapaji wake walinakili vitabu vya Waingereza bila kulipa.

Hatusemi kwamba kunakili ni halali. Nyimbo za waimbaji wa Kampala nazo hunakiliwa, na jasho lao huliwa na wengine. Mwanamuziki ni mfanyakazi, naye anastahili ujira wake. Lakini kampuni kubwa ina mawakili na hupokewa wizarani. VJ wa Kisenyi hana mlango wa kubisha.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. Wanamuziki, wafasiri na wenye vibanda wasikilizwe kabla sheria haijabadilishwa.
2. Vibanda vipate leseni kwa ada wanayoiweza, na fedha hizo ziwafikie watunzi.
3. Mkono wa sheria uanze kwa anayenakili maelfu, si kwa muuzaji wa kando ya njia.

Haya hayatapatikana kwa kunung'unika vibandani. Tujiunge katika vyama, tutume wajumbe, tuisome miswada kabla haijapita. Asiyekuwapo na lake halipo.